Shajara ya mradi: oksijeni anayotumia sato kwa joto na uzito tofauti

Kazi: kuunda na kuendesha kifaa cha kupimia oksijeni anayotumia sato (tilapia) mmoja mmoja, kuanzia kifaranga wa gramu 5 hadi samaki wa gramu 500, kwenye maji ya nyuzi 24, 27 na 30.
Mahali: Mwanza, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari.
Lengo: jedwali la kupangia idadi ya samaki kwenye matangi, kiasi cha chakula, na mifuko ya kusafirishia vifaranga.

Makadirio kabla ya kununua kifaa chochote

Wafugaji wengi hupanga kila kitu kwa kilo: kilo kadhaa za samaki kwa kila mita ya ujazo, asilimia fulani ya uzito kwa chakula. Kilo peke yake haitoshi. Kilo moja ya vifaranga na kilo moja ya samaki wa kuuza ni mizigo miwili tofauti kabisa kwa maji yaleyale, na joto likipanda mizigo yote miwili inaongezeka. Mradi huu upo kwa ajili ya kuweka namba kwenye tofauti hiyo.

Pa kuanzia ni kanuni ya Winberg ya mwaka 1956 kwa samaki wa maji baridi (yasiyo ya chumvi): kwa nyuzi 20, samaki wa uzito W (gramu) hutumia mililita 0.3 × W^0.8 za oksijeni kwa saa. Mililita moja ya oksijeni ni miligramu 1.43. Kipeo cha 0.8 ndicho kinachobeba habari ya ukubwa. Uzito ukiongezeka mara kumi, matumizi yanaongezeka mara 6.3 tu, hayafiki kumi. Habari ya joto inabebwa na Q10, yaani mara ngapi umetaboli (kasi ya mwili kutumia nishati) unaongezeka kwa kila nyuzi 10. Kwa kuanzia tumeichukua kuwa 2.

Makadirio, miligramu za oksijeni kwa saa kwa samaki mmoja:

Gramu 5: 2.05 (nyuzi 24), 2.5 (27), 3.1 (30)
Gramu 50: 12.9, 15.9, 19.6
Gramu 500: 82, 100, 124

Zigeuze kwa kilo na picha inabadilika. Kilo ya samaki wa gramu 500 kwenye nyuzi 24 inahitaji karibu miligramu 163 kwa saa, na kilo ya vifaranga wa gramu 5 kwenye nyuzi 30 inahitaji karibu 620. Hiyo ni karibu mara nne, kwa kilo ileile moja.

Upande wa pili wa hesabu ni maji yenyewe. Kwa mwinuko wa Mwanza hewa ina kama asilimia 87 ya shinikizo la pwani, hivyo maji yaliyojaa hewa yana karibu miligramu 7.3 za oksijeni kwa lita kwenye nyuzi 24, 6.9 kwenye 27 na 6.6 kwenye 30. Kutoka nyuzi 24 hadi 30 akiba inapungua kwa asilimia 10 na mahitaji yanapanda kwa asilimia 52. Anayetumia jedwali la Dar es Salaam au Mombasa huku kwetu anajipa oksijeni ambayo haimo majini.

Chemba na mabomba

Tunatumia njia ya kufunga na kufungua: chemba inafungwa kwa dakika chache, oksijeni inashuka, kisha maji mapya yanasukumwa ndani na mzunguko unarudiwa usiku kucha. Chemba iliyofungwa moja kwa moja haifai, kwa sababu kaboni dioksaidi na amonia hujikusanya na samaki hubadilika mwenendo.

Ukubwa wa chemba ni mara 40 hadi 50 ya ujazo wa samaki. Ikiwa kubwa zaidi, oksijeni hushuka polepole mno na kelele za kihisi (kuyumbayumba kwa usomaji wake) zinameza mteremko, yaani mstari wa oksijeni inavyoshuka. Ikiwa ndogo zaidi, samaki hawezi kugeuka, anahangaika, na unachopima ni hofu yake. Tumetengeneza tatu: mililita 250, lita 2 na lita 20. Ya kwanza ni chupa ya kioo, mbili zilizobaki ni za akriliki zenye mfuniko wa skrubu na mpira wa kuzibia.

Kila chemba ina pampu mbili. Pampu ya kuzungusha hufanya kazi muda wote, ikivuta maji kutoka chemba, kuyapitisha mbele ya kihisi na kuyarudisha. Bila hiyo maji yanajitenga matabaka, na kihisi kinasoma kona moja tu. Pampu ya kusafisha huwaka kati ya vipimo. Kubadilisha maji kwa asilimia 95 kunahitaji ujazo wa chemba mara tatu, na kwa asilimia 99 mara nne na nusu hivi. Kwa chemba ya lita 2 na pampu ya lita 2 kwa dakika, dakika tano zinatosha.

Mabomba yasiwe ya silikoni. Ni laini na ni rahisi kuunga, lakini oksijeni hupenya kwenye kuta zake, na kwa kifaranga wa gramu 5 uvujaji huo unaonekana kwenye mstari. Tumetumia nailoni na PVC nene, vipande vifupi kadiri inavyowezekana.

Chemba nzima inazama kwenye tangi la lita 200 lenye hita, jiwe la hewa na kichujio chenye bakteria wanaovunja amonia. Kichujio si pambo. Kwenye pH 8 sehemu ya amonia iliyo sumu ni kama asilimia 5.4 kwa nyuzi 25 na asilimia 7.5 kwa nyuzi 30, kwa hiyo tangi lenye joto linaanza kudhuru samaki mapema kuliko tangi la baridi lenye uchafu uleule.

Umeme na udhibiti

Bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya udhibiti) inaendesha relei mbili, yaani swichi zinazoamriwa kwa umeme, inasoma vihisi vya joto vya DS18B20 (viwili ndani ya tangi, kimoja ndani ya mkondo wa chemba, rezista ya kiloomu 4.7 kwenye waya wa data) na kuandika oksijeni kila sekunde moja kwenye kadi ya kumbukumbu.

Jambo la kuzingatia kuliko yote hapa ni umeme kukatika. Chemba ikibaki imefungwa, samaki wa gramu 50 kwenye nyuzi 30 anateremsha oksijeni kwa miligramu 10 kwa lita kwa saa, na maji yana 6.6 tu. Atakufa kabla hujafika. Kwa hiyo pampu ya kusafisha imeungwa upande wa relei ambao hufunga saketi relei inapokuwa haina nguvu, na inalishwa na betri ya volti 12. Bodi ikizima, programu ikikwama au umeme ukikatika, maji mapya yanaingia yenyewe. Ili kufunga chemba, bodi lazima iwe hai na iamuru. Usiunge kinyume chake hata kama inaokoa betri.

Pampu ndogo zinazozamishwa hutoa joto. Kwenye chemba ya mililita 250, pampu ya kuzungusha ikiwa ndani ya mkondo inaweza kupandisha maji taratibu wakati wa kufungwa, na kupanda huko kunabadilisha umetaboli na usomaji wa oksijeni kwa pamoja. Dawa yake ni pampu dhaifu zaidi na koili ya bomba inayopita kwenye maji ya tangi kabla ya kurudi kwenye chemba. DS18B20 zinaruhusiwa kukosea hadi nusu nyuzi, hivyo zote zimefungwa pamoja kwenye ndoo moja na kulinganishwa na kipimajoto cha kioo kwenye barafu inayoyeyuka na kwenye nyuzi 24, 27 na 30, na tofauti ya kila kimoja imeandikwa kwenye programu.

Kuhakiki kihisi cha oksijeni

Tumechagua kihisi kinachopima oksijeni kwa mwanga. Kile cha umeme-kemikali chenye utando hutumia oksijeni chenyewe na hutaka maji yapite mbele yake kwa kasi isiyobadilika, mambo mawili yanayosumbua kwenye chemba ndogo.

Sifuri: gramu 20 za sodiamu salfaiti kwa lita moja ya maji, kihisi kikae humo hadi namba itulie. Kisha kioshwe sana, kwa sababu mabaki ya salfaiti huendelea kula oksijeni ndani ya chemba na kuonekana kama samaki anayepumua haraka. Mia kwa mia: maji yaliyopulizwa hewa kwa jiwe kwenye joto lilelile la kipimo, na shinikizo halisi la hewa la siku hiyo. Shinikizo linalotangazwa na vituo vya hali ya hewa mara nyingi limerekebishwa hadi usawa wa bahari. Ukiliingiza hilo kwa Mwanza, kila kipimo kinazidi kwa zaidi ya asilimia 14. Soma kipimashinikizo kilichopo hapo hapo.

Kwa uhakika zaidi tunalinganisha na titresheni ya Winkler, njia ya kupima oksijeni kwa kemikali ya mwaka 1888 ambayo bado inaaminika kuliko kihisi chochote kilichozeeka.

Chemba tupu

Kabla ya samaki kuingia na baada ya kutoka, mizunguko kadhaa inaendeshwa chemba ikiwa tupu. Oksijeni hushuka hata hivyo, kwa sababu ya bakteria walioshika kuta, mabomba na kinyesi. Kiasi hicho hupunguzwa kutoka kipimo cha samaki, tukichukulia kimepanda kwa mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipimo. Kwenye nyuzi 30 bakteria nao wanachangamka, na kwa samaki wadogo ndio wanaoharibu kazi. Kanuni yetu: bakteria wakizidi asilimia 10 ya matumizi ya samaki, kipimo kinatupwa.

Usafi: dawa ya klorini ya nyumbani ya asilimia 3.5, mililita 10 kwa lita, izungushwe kwenye mabomba yote kwa nusu saa, isuuzwe, kisha sodiamu thiosalfeti kidogo imalize klorini iliyobaki. Usisahau mpira wa mfuniko. Chini yake ndiko utelezi unakojificha.

Mapovu yana madhara ya kiasi hichohicho. Mililita moja ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya mililita moja ya maji. Povu moja lililojificha kwenye kona linarudisha oksijeni majini kadiri samaki anavyoivuta, na mstari unakuwa laini, mzuri, na wa uongo. Chemba zinafungwa chini ya maji, zikiwa zimeinamishwa ili tundu la kutokea liwe juu.

Samaki

Sato madume tu. Jike anayeatamia mayai mdomoni hali chakula, na umetaboli wake hauwakilishi kundi. Joto hubadilishwa kwa nyuzi moja kwa siku, kisha samaki wanakaa kwenye joto la kipimo kwa wiki mbili au zaidi. Ukimtoa samaki nyuzi 24 na kumpima papo hapo kwenye 30, unapata mshtuko wa joto. Baada ya wiki kadhaa mwili hujirekebisha na tofauti hupungua. Namba zote mbili ni za kweli, ila zinajibu maswali tofauti: ya kwanza inahusu mfuko wa kusafirishia ulioachwa juani, ya pili inahusu bwawa la msimu wa joto.

Kufunga kula: saa 24 kwa vifaranga, 36 hadi 48 kwa wakubwa. Usagaji wa chakula na ujenzi wa protini huongeza matumizi ya oksijeni sana baada ya mlo, na ongezeko hilo hukawia zaidi kwenye maji ya baridi. Kifaranga wa gramu 5 asinyimwe chakula siku mbili, ataanza kushusha umetaboli wake kwa njaa.

Samaki anaingia chemba jioni. Saa za mwanzo anavuta oksijeni juu mno kwa sababu ya kushikwa, na data hizo hazitumiki. Chemba inafunikwa kitambaa cheusi, maana sato anamwona mtu anayepita na mstari unaruka. Kupima uzito kunafanyika mwishoni: mafuta ya karafuu, miligramu 50 kwa lita, yakiwa yamechanganywa kwanza na spiriti sehemu moja kwa tisa kwa sababu hayayeyuki majini peke yake. Asitiwe dawa kabla ya kipimo.

Muda wa kufunga chemba

Tunalinda oksijeni isishuke chini ya asilimia 80 ya kujaa. Kwa makadirio yale ya mwanzo, nyuzi 30: kifaranga wa gramu 5 kwenye mililita 250 anafika hapo kwa dakika 6, wa gramu 50 kwenye lita 2 kwa dakika karibu 8, wa gramu 500 kwenye lita 20 kwa dakika 12. Kwenye nyuzi 24 muda unakuwa dakika 10, 13 na 21. Dakika ya kwanza baada ya kufunga haitumiki, kwa sababu maji ya mabomba na ya chemba hayajachanganyika.

Mteremko ambao haujanyooka (R², kipimo cha jinsi nukta zinavyofuata mstari, ikiwa chini ya 0.95) unaondolewa. Mteremko uliopinda kuelekea juu mwishoni mara nyingi ni uvujaji au povu, na uliopinda katikati ni samaki aliyehangaika. Umetaboli wa msingi (wa samaki aliyetulia) tunauchukua kwenye asilimia 20 ya vipimo vya chini kabisa vya usiku. Kipimo kimoja cha chini kuliko vyote hakifai, maana kina kelele za kihisi ndani yake.

Hali ilivyo sasa: chemba ya lita 2 inafanya kazi usiku mzima bila kuguswa. Ya mililita 250 bado inapambana na bakteria kwenye nyuzi 30. Ya lita 20 inasubiri pampu ya kusafisha yenye nguvu zaidi, kwa kuwa lita 2 kwa dakika zingechukua nusu saa kubadilisha maji.

Mtego wa kilo kwenye hesabu

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika shajara hii.

Samaki waliokaa wiki kadhaa kwenye nyuzi 30 wanakua haraka kuliko wenzao wa nyuzi 24. Siku ya kupimwa kundi la joto linaweza kuwa na wastani wa gramu 80, la baridi 50. Ukigawanya matumizi kwa kilo na kulinganisha, ukubwa peke yake umekwisha kushusha kundi la joto kwa asilimia 9, kwa sababu (80/50) kwa kipeo cha −0.2 ni 0.91. Joto linaonekana na athari ndogo kuliko iliyo nayo, na hakuna kinachoonya.

Tiba ni kurekebisha kila samaki kwenye uzito mmoja wa pamoja: matumizi yake × (uzito wa pamoja ÷ uzito wake)^0.8. Bora zaidi, chora logi (logarithi) ya matumizi (kwa samaki mzima, si kwa kilo) dhidi ya logi ya uzito, mstari mmoja kwa kila joto. Mistari ikienda sambamba, joto na ukubwa vinafanya kazi kila kimoja kwa upande wake. Ikiwa haiendi sambamba, kipeo kinabadilika na joto, na jedwali lazima lionyeshe hivyo. Mteremko wa mistari hiyo ndio kipeo chenyewe, na ili uaminike samaki mkubwa awe angalau mara kumi ya mdogo. Sisi tumeenda mara mia. Ukiwa na samaki wa gramu 40 hadi 70 tu, kipeo kinaweza kutoka chochote.

Q10 nayo ina mtego wake. Kanuni ni (R2 ÷ R1) kwa kipeo cha 10 ÷ (T2 − T1), R ikiwa matumizi ya oksijeni na T joto. Ukipima kwa tofauti ya nyuzi 2, kipeo hicho ni 5, na kosa la asilimia 5 tu kwenye kipimo kimoja linageuka kosa la asilimia 28 kwenye Q10. Kwa tofauti ya nyuzi 6, kosa lilelile linabaki karibu asilimia 8. Ndiyo maana 24 na 30 ndizo nguzo, na 27 iko katikati kuonyesha kama mstari umepinda.

Wala Q10 ya nyuzi 24 hadi 30 isivutwe hadi 36. Umetaboli wa msingi unaendelea kupanda na joto, lakini kiwango cha juu kabisa ambacho samaki anaweza kufikia huanza kugota. Pengo kati ya hivyo viwili ndilo linalolipia kuogelea, kusaga chakula na kukua, na likibana samaki anaishi bila kukua. Kila aina ina mpaka wake. Samaki Alcolapia grahami wa Ziwa Magadi, Kenya, anaishi kwenye chemchemi zinazofika nyuzi 43 mchana, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta umetaboli wake ukifikia wa mamalia mdogo wa uzito kama wake. Ni ndugu wa karibu wa sato, na hata hivyo namba zake hazimfai sato.

Jedwali linaanza kutumika

Chakula cha kumweka hai tu: kila miligramu ya oksijeni ni sawa na juli 13.6 zilizotumika. Kwa nyuzi 27, tukichukua chakula chenye kilojuli 12.5 zinazomeng'enywa kwa gramu, kifaranga wa gramu 5 anahitaji asilimia 1.3 ya uzito wake kwa siku kabla hajaongeza hata gramu moja. Wa gramu 50 anahitaji 0.8, wa gramu 500 anahitaji 0.5. Anayewapa vifaranga asilimia 2 anadhani anawalisha vizuri, kumbe zaidi ya nusu inaishia kwenye kupumua. Na maji yakishuka hadi nyuzi 24, mahitaji haya yanapungua kwa karibu asilimia 19, hivyo kiasi cha jana kinaanza kuzama na kuoza chini.

Mfuko wa kusafirishia: lita 10 za maji, lita 20 za oksijeni, kilo moja ya vifaranga wa gramu moja kwenye nyuzi 27. Makadirio ni karibu miligramu 700 kwa saa, na wakihangaika tunaweka mara mbili. Oksijeni ya mfukoni ni karibu gramu 22, inatosha saa 15 na zaidi. Lakini mole moja (kipimo cha idadi ya molekuli) ya oksijeni hutoa karibu mole moja ya kaboni dioksaidi, yaani gramu 1.9 kila saa, na sehemu yake inabaki kwenye maji yale machache. Hiyo ndiyo inayoua, mfuko ukiwa bado umevimba oksijeni. Kuongeza gesi hakusaidii. Kinachosaidia ni kuwafungisha kula siku moja kabla, kupunguza kilo, na kushusha maji taratibu hadi nyuzi 22, ambako matumizi yanapungua kwa karibu asilimia 30.

Kinachofuata: kubadilisha mabomba ya chemba ndogo yawe mafupi zaidi na kupima bakteria upya kwenye nyuzi 30, kufunga pampu ya lita 15 kwa dakika kwenye chemba ya lita 20, kumaliza samaki wa gramu 50 kwenye nyuzi zote tatu kabla ya kugusa saizi nyingine. Namba za Winberg zinabaki kwenye jedwali zikiwa na alama ya makadirio, na kila moja inafutwa pale tu kipimo chake kinapopita uhakiki wa chemba tupu, wa mteremko na wa uzito wa pamoja.